Kiswahili cha Kampala kisipitie London ili kifike Banda

Katika teksi za Kampala, yale magari ya abiria kumi na wanne ambayo Nairobi huitwa matatu na Dar es Salaam daladala, abiria anayetaka kushuka habonyezi kengele. Gari likishapita Nakawa na Spear kwa Barabara ya Jinja, na steji ya Kyambogo ikianza kuonekana, anapaza sauti kutoka kiti cha nyuma: "Mu maaso awo waliwo aviiramu!" Konda anamwambia dereva, gari linaegemea kushoto, watu wa kiti cha kati wanakunja magoti, abiria anateremka. Maneno hayo ni ya Kiganda, na maana yake ni kwamba hapo mbele kuna mtu anayeshuka.

Neno la kuangaliwa ni hilo la mwisho. Mzizi wake ni -va, yaani kutoka. Limerefushwa likawa -viira, kama vile Kiswahili kinavyorefusha toka ikawa tokea, na shuka ikawa shukia. Kisha limefungwa mkiani kwa -mu, kijisilabi cha ndani ambacho Kiswahili nacho kinacho katika humu, mle na nyumbani mwake. Kwa neno moja abiria amekwisha kusema kwamba kuna mtu, kwamba anatoka ndani ya kitu, na kwamba ana mahali pa kutokea. Hakufundishwa na mwalimu yeyote. Amelisikia tangu alipokuwa akipakatwa na mama yake katika teksi hizo hizo.

Sasa mfuate abiria huyo, tuseme ni mwanafunzi, akipanda kilima cha Kyambogo kwa miguu hadi kwenye somo la Kiswahili. Ubaoni kuna sentensi ya kutafsiri: "Drop me off at Banda." Anafungua kamusi. Drop ni angusha. Off anaikuta ina maana ya mbali, au kuzimwa. At anapewa katika, au kwenye, au kwa, achague mwenyewe. Anaandika: "Niangushe mbali katika Banda." Kila neno alilotumia ni la Kiswahili na limo katika kamusi, lakini hakuna dereva kutoka Bukoba hadi Lamu atakayejua afanye nini, isipokuwa pengine kuogopa. Mwanafunzi huyo huyo, nusu saa iliyopita, alishuka salama kwa neno moja.

Sentensi za aina hii walimu wa Kiswahili wa Kampala wanazijua, na wengi huzicheka. Ni vicheko visivyo na haki. Kosa hapa si la mwanafunzi. Ni la njia aliyopitishwa: ametolewa Kiganda, au Kisoga, au Kinyankole, akapelekwa kwanza kwenye Kiingereza, kisha kutoka huko akarudishwa kwenye Kiswahili, lugha ambayo ni jirani wa ile aliyoanza nayo. Ni sawa na mtu wa Nakawa anayetaka kwenda Banda, kilomita chache tu mbele, kuambiwa akapande ndege Entebbe.

Kiingereza kina tabia yake linapokuja suala la mahali. Vitenzi vyake vingi vya kila siku ni vifupi na havisemi mengi: go, come, get, put, pick, drop. Kazi ya kuonyesha upande huachiwa kijineno kinachofuata nyuma: in, out, up, down, off, over, through. Huingii ndani ya kitenzi kutafuta mwelekeo, unautafuta mkiani. Na mkia huo hauna huruma kwa mgeni. Waingereza hupanda gari dogo kwa into na basi kwa on, hushuka gari dogo kwa out of na basi kwa off. Teksi ya abiria kumi na wanne iko upande gani? Mwalimu wa Kampala anaweza kumaliza kipindi kizima juu ya jambo hilo, na mwisho darasa likatoka bila jibu.

Kiswahili hakina tatizo hilo kwa sababu kimeuweka mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe. Ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, fika, rudi, zunguka. Anayesema ameingia hahitaji kuongeza kwamba ni ndani, ingawa mwenye nyumba wa pwani atakukaribisha ndani, na hakuna wa kumsahihisha. Gari dogo unalipanda, basi unalipanda, meli unaipanda, punda unampanda, na vyote unashuka. Kiganda kinafanya hivyo hivyo: teksi hupandwa kwa kitenzi kile kile cha kukwea, okulinnya. Kati ya panda na linnya hakuna hata hatua moja ya kufikiri. Kati ya panda na get into kuna mtaala mzima.

Mfano wa pili unauma zaidi kwa sababu unatumika kila siku. Mkazi wa Kampala anayezungumza Kiingereza cha mjini humwambia mwenzake kwamba atampick from Kyambogo saa mbili. Anapojaribu kulisema hilo kwa Kiswahili cha shule, linakuja: "Nitakuokota kutoka kwa Kyambogo." Hapo yapo makosa mawili, na yote mawili yana asili moja. Okota ni kwa kuni, kokoto, shilingi iliyodondoka, au mtoto aliyetupwa. Mtu mzima aliyesimama steji na mkoba wake haokotwi. Na kutoka kwa ni kwa mtu: barua imetoka kwa shangazi, habari zimetoka kwa waziri. Kyambogo si mtu. Jina la mahali katika Kiswahili halihitaji kushikwa mkono, husimama peke yake: natoka Kyambogo, naenda Ntinda, nalala Kireka. Hata kile kiambishi -ni kinachofanya nyumba iwe nyumbani na soko liwe sokoni, jina la mahali kwa kawaida hulikataa.

Na Mswahili angesemaje? Angesema: "Nitakupitia Kyambogo saa mbili." Basi. Pita imerefushwa ikawa pitia, na ndani ya urefu huo mdogo umeingia mtu anayechukuliwa, njia inayopitwa na ahadi ya kusimama. Anayejua Kiganda anayo yita kwa pita, na yitira kwa pitia. Hata masikio yanaona undugu.

Nairobi wasicheke sana. Katika suala la kwa wao ndio walimu wa kosa lenyewe. "Niko kwa matatu," "weka kwa meza," "ametoka kwa nyumba," ni sentensi za kila saa katika mji ule, na nyingi zinafika Kampala kwa redio, kwa muziki na kwa madereva wa malori. Ukiziangalia vizuri, nyuma ya kila kwa amekaa on, in au from, amevaa kanzu ya Kiswahili. Dar es Salaam hawana kosa hilo, lakini nao wana yao, na hapa si mahali pake.

Yote haya yanaweza kuonekana ni mambo ya walimu na wino mwekundu. Si hivyo. Yako maneno ya mahali ambayo herufi moja au mbili tu zikidondoka, mtu anabadilishiwa maisha yake.

Kuhama na kuhamia. Aliyehama Kireka ameondoka Kireka. Aliyehamia Kireka ndiko aliko sasa. Kukimbia na kukimbilia ndivyo hivyo hivyo: aliyekimbia Bunia ameiacha Bunia ikiwaka nyuma yake, aliyekimbilia Bunia alikuwa akitafuta usalama huko huko. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu. Kundi kubwa kati yao limetoka mashariki ya Kongo, na kwa wengi wa hao Kiswahili ndiyo lugha wanayojieleza nayo mbele ya mgeni. Mama anayefika kwenye dawati la usajili husimulia kwa vitenzi hivi hivi: tulihama, tukahamia, tulikimbia, tukakimbilia, tukapitia, tukavukia. Simulizi yake yote ni ramani. Mkalimani aliyejifunza Kiswahili kwa kutafsiri kutoka Kiingereza amefunzwa kusubiri kijineno cha upande baada ya kitenzi, kwa sababu Kiingereza ndivyo kinavyofanya. Kijineno hakiji. Upande ulikwisha kutajwa katikati ya kitenzi, kwa kijisilabi kimoja, na yeye hakukisikia. Anaandika kwamba mama alikimbia Bunia, wakati mama amesema alikimbilia Bunia. Baadaye mtu mwingine, katika ofisi nyingine, atamwuliza mama kwa nini maelezo yake hayalingani.

Kiganda kina dduka na ddukira kwa jambo hilo hilo. Hata neno lake la mahali pa kukimbilia, obuddukiro, limetoka humo. Mkalimani ambaye ni mzaliwa wa Buganda alikuwa na sikio tayari kwa tofauti hiyo. Shule ilimwambia asilitumie.

Kwenye biashara hakuna machozi lakini kuna fedha. Lori lililopita Malaba limekwisha kuvuka, liko njiani. Lori lililopitia Malaba linaelezwa njia lililotumia, kwamba halikuja kwa Busia. Mwenye mzigo Kampala anayempigia simu dereva kutoka Mombasa anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili ameambiwa, maana mmoja atatuma watu wa kupakua na mwingine atalala. Mzigo unaoingilia Mutukula una makaratasi ya Tanzania, unaoingilia Malaba una ya Kenya. Soko la pamoja linalozungumzwa kila mwaka kwenye mikutano ya wakuu wa nchi, huku chini linaendeshwa kwa -ia na -lia.

Ni haki kusema pia kwamba mrefusho huo si ufunguo wa kila mlango. Kurudia si kurudi mahali, ni kufanya tena. Kusimamia ni kuwa msimamizi. Kuingilia huweza kuwa kupita dirishani kama mwizi, na huweza kuwa kujitia katika mazungumzo yasiyokuhusu. Mwanafunzi atakosea hapa na pale, kama anavyokosea kila mtu anayejifunza lugha. Lakini kosa la kusema kurudia Kampala kwa maana ya kurudi Kampala ni kosa la mtu ambaye amekwisha kuukamata utaratibu na anaujaribu. Kosa la kuokotwa kutoka kwa Kyambogo ni la mtu ambaye bado hajaonyeshwa mlango.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Kiingereza chenyewe, kilipofika Kampala, hakikuweza kushikilia tabia zake. Mwaka 2014 Bernard Sabiti alichapisha kamusi ya Kiingereza cha Uganda, akakiita Uglish, na ndani ya Kiingereza hicho zimo lugha za Kibantu zinazochungulia. Abiria anayetaka nafasi kwenye kiti humwambia jirani yake extend, na jirani anasogea. Mtu asiyeonekana siku nyingi huambiwa you are lost, na Mwingereza aliyeshuka jana Entebbe atakana kwamba hajapotea, anajua alipo. Mswahili yeyote angeelewa mara moja, kwa kuwa naye husema: umepotea sana! Waganda husema vivyo hivyo. Maana yake watu wa Kampala wamekuwa wakitafsiri kutoka lugha zao kwenda Kiingereza kwa miaka mingi, bila ruhusa, na wameelewana vizuri tu. Ni pale wanapofika kwenye Kiswahili ndipo wanalazimishwa kurudi kinyume.

Kwa nini Kyambogo? Kwa sababu huko ndiko mambo haya yanakoamuliwa. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha chuo cha ufundi, chuo cha elimu ya ualimu na taasisi ya elimu maalumu vilivyokuwa kilimani hapo, kinalea walimu. Na ofisi za Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala, vinakotoka mitaala na vitabu vya kuongozea masomo, ziko Kyambogo hapo hapo. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020 ulikiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe shule za msingi na sekondari. Kabla ya hapo kulikuwa na marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliyokitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na kabla zaidi amri ya Idi Amin ya mwaka 1973, ambayo kwa sababu zinazojulikana ilikifanya Kiswahili kinukie bunduki katika masikio ya Waganda wengi. Uganda haijawahi kukosa matamko. Ilichokosa ni mwalimu wa kutosha, na kitabu kinachoanzia pale mtoto alipo.

Watakaopinga wana hoja moja nzito, na inastahili kusikilizwa. Uganda si Buganda. Katika darasa moja la Kyambogo wamekaa Mganda, Mwacholi, Mteso, Mlugbara na Mkaramojong, na lugha za hao wanne wa mwisho si za Kibantu. Kuanza somo kwa aviiramu ni kuwaacha nje, tena kwa lugha ambayo baadhi yao wana kinyongo nayo kuliko Kiswahili. Kiingereza, wanasema, angalau ni kigeni kwa wote.

Hoja ni ya kweli, lakini jibu lake si kurudi kwenye tafsiri. Kwa hao pia, Kiingereza hakisaidii katika suala hili, kinaongeza tu mlima wa pili wa kupanda. Mwalimu anaweza kuinuka, akatoka mlangoni, akasema ametoka, akaingia, akasema ameingia, akapitia dirishani kama ana ujasiri. Vitenzi vya mwendo ndivyo rahisi kuliko vyote kufundisha bila kutafsiri, kwa kuwa mwili mzima ni kamusi. Na vijana wa Gulu na Arua mara nyingi wamekisikia Kiswahili sokoni na kambini kabla ya wenzao wa Kampala, na wanajua kushuka na kupanda bila kuulizwa ni on au into. Penye wanafunzi wengi wa Kibantu, kama Masaka, Jinja, Mbarara au Hoima, mwalimu atumie lugha ya hapo bila aibu: yita, pita; yitira, pitia. Dakika kumi zinatosha kwa jambo ambalo tafsiri huligawa katika muhula.

Mitihani nayo ifuate. Maadamu swali la kutafsiri sentensi za Kiingereza linatoa alama, kila mwalimu atalifundisha, hata akiamini vingine. Badala yake mtahiniwa apewe ramani ya kutoka Nakawa hadi Bweyogerere, aambiwe amwelekeze mgeni wa kutoka Tanga. Asikilizishwe konda wa Dar es Salaam akiita vituo, na muuza samaki wa Goma akieleza mzigo wake umetokea wapi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, na Julai 2023 sherehe za Siku ya Kiswahili Duniani za jumuiya zilifanyika Kampala, kwa hotuba nyingi. Rekodi za sauti kutoka nchi nane zingekuwa zawadi nzuri kuliko fulana. Uganda, kwa taarifa ya wanaoiona kama mgeni wa lugha hii, iliwahi kuwa mwenyeji wake: katika miaka ya 1950 kamati ya eneo zima iliyosimamia Kiswahili sanifu ilikuwa na makao yake Makerere, upande wa pili wa jiji kutoka Kyambogo.

Na kama bajeti ipo, hata ndogo, mwalimu mwanafunzi apandishwe basi la Bukoba. Linatoka Kampala, linapitia Masaka, na Mutukula linasimama ili watu wagongewe pasipoti. Abiria Waganda na Wahaya wanazungumza kila mmoja kwa lugha yake na wanaelewana zaidi ya nusu. Kisha utingo anasimama mlangoni na kuwaambia kwa Kiswahili: "Wote mnashukia hapa, mnavuka kwa miguu, mtapandia upande wa pili." Wanashuka, wanavuka, na upande wa pili basi linawasubiri.